Saa Mbili na Robo

Shemeji yangu si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu najua nikishaanza kusimulia hasira zitanipanda, na hasira zangu zinajulikana. Nafundisha darasa la kwanza. Watoto wananijua kwa kukunja uso kabla hawajanijua kwa jina. Mume wa dada yangu, tangu siku ya kwanza alipokuja kwetu amevaa viatu vinavyong'aa kupita kiasi, amekuwa akinitania kwamba dada alibeba maneno yote ya familia, mimi nikaachiwa makunyanzi.

Kwenye maneno hakukosea. Dada alikuwa anaongea akipika, anaongea akifua, anaongea na mtu aliyeko chumba cha pili huku bomba la maji limefunguliwa, na akikosa mtu anaongea na sufuria. Mume wake alimpachika jina la Redio, na mtaa mzima ukalidaka. "Redio, punguza sauti, nasoma," alikuwa akisema kutoka sebuleni. "Ulinichukua bila kitufe," dada alikuwa akimjibu, "sasa unatafuta nini?" Hawakujaliwa watoto. Nyumba yao ilijaa sauti yake tu, na shemeji, pamoja na malalamiko yake yote, alikuwa hawezi hata kula kama dada hayupo mezani.

Shemeji alikuwa, na bado ni, karani wa mapokezi katika kliniki ya tiba ya Kichina, vyumba vitatu juu ya duka la betri za magari. Mwenye kliniki ni mama mmoja wa hapahapa aliyekwenda kusoma Asia ya Mashariki miaka saba, akarudi na shahada, mizani ndogo ya kupimia mizizi, na tabia ya kunywa maji ya moto matupu. Watu wanamwita Daktari wa Sindano. Sindano zake si zile za kuingiza dawa mwilini. Ni nyembamba kama unywele, anazichomeka kwenye ngozi mahali anapopajua yeye, anaziacha hapo dakika ishirini na tano. Kazi ya shemeji ni kuandika kadi, kutega saa ya kengele kwa kila kitanda, na kuhesabu. Kumi na nne zimeingia, kumi na nne zimetoka. Ikipungua moja, hakuna mgonjwa anayeshuka ngazi mpaka ionekane, iwe kwenye shuka au ndani ya soksi. Kwa miaka ishirini na mmoja hajapoteza hata moja, na ukikaa naye dakika kumi atakuwa ameshakwambia.

Kitu kingine alichokuwa anakifanya vizuri ni simu. Daktari wa Sindano hakuwa mtu wa kugombana na hospitali. Kila Jumanne na Ijumaa alikuwa hospitali kuu, kwenye idara ya mazoezi, akiwachoma wagonjwa wa kiharusi waliokwisha kutibiwa wodini, bega kwa bega na mtaalamu wa viungo. Alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mjadala, na shemeji aliikariri kwenye simu kama watoto wangu wanavyokariri hesabu za kujumlisha. "Kama mdomo umekwenda upande leo, kama mkono umelegea leo, usije kwetu. Nenda hospitali sasa hivi, hata chai usimalize. Sisi utatukuta." Nimemsikia kwa masikio yangu akimfokea mzee mmoja aliyekuwa anabisha, mpaka mzee akakubali kuitiwa gari. Wapo watu wanaotembea mjini leo kwa sababu ya sauti yake ile.

Sasa sikiliza alichofanya nyumbani kwake mwenyewe.

Ilikuwa Jumatano, saa mbili na robo asubuhi. Daktari wa Sindano alikuwa mkutanoni nje ya nchi, kliniki imefungwa wiki nzima, na shemeji alikuwa nyumbani ndani ya suruali yake ya zamani. Dada alikuwa anamimina chai huku anamsema kuhusu hiyo suruali: pindo limefumuka, amemwambia aivue amshonee, hataki, anapita nayo mbele za watu kama mtu asiye na mke. Katikati ya sentensi neno likapinda. Shemeji alidhani anamwigiza mtu, maana dada kwa kuigiza watu alikuwa bingwa, akacheka. Kisha birika likamponyoka, chai ikatapakaa kwenye kitambaa cha meza, na alipoinua macho akaona nusu ya mdomo wa mkewe imeshuka. Akatazama saa ya ukutani. Hiyo ni tabia ya kazi: kwake, kitu chochote kikianza lazima atazame saa.

Alijua ni nini. Hakuna mtu mtaani aliyekuwa anajua kuliko yeye. Lakini ndani ya kabati alikuwa na kasha la sindano. Mtaani kwao walikuwa wameanza kumwita Daktari Msaidizi, kwanza kwa utani, baadaye wakasahau kuwa ni utani. Jirani akiamka goti limekaza, anakwenda kwa shemeji. Mchomeleaji wa vyuma wa nyumba ya pili alichomwa bega akapona, au lilipona lenyewe, Mungu ndiye anajua, akamsifia mtaa mzima. Dada alikuwa anamcheka: "Wewe karani, siku moja utamtoboa mtu pafu." Daktari wa Sindano hakujua lolote, na shemeji hakuwa na mpango wa kumwambia.

"Nilidhani nikiwahi palepale mdomo utarudi," aliniambia baadaye. "Wale wengine walikuwa mbali, shemeji, kwenye simu. Huyu alikuwa mikononi mwangu."

Akamlaza kwenye kochi. Kwanza akamtoboa ncha za vidole vyote kumi, akikamua tone la damu kila kidole, kwa sababu kulikuwa na karatasi iliyokuwa inazunguka kwa wagonjwa ikisema hivyo ndivyo kiharusi kinavyozuiwa. Karatasi hiyohiyo Daktari wa Sindano alikuwa ameichana mbele yake, akasema ni upuuzi utakaoua watu. Halafu akachomeka za usoni, za mkononi, za mguuni, akahesabu, akatega saa. Kengele ilipolia akazitoa, akatazama, akaona kama mdomo umepanda kidogo. Akarudia. Akarudia tena. Simu ilikuwa mezani, karibu na birika. Dada alikuwa macho muda wote, anamtazama, na kila alipojaribu kusema kitu kilichotoka kilikuwa "ta, ta, ta".

Kengele ililia mara nne. Ilipofika saa nne na dakika chache akauinua mkono wa kulia wa mkewe, akauachia, ukaanguka kama kitu kisicho na mwenyewe. Hapo ndipo uoga ulipompata. Akafuta vidole, akakimbia kumwita mchomeleaji mwenye gari.

Walifika hospitali saa tano kasoro dakika kumi. Muuguzi wa mapokezi, kabla hata hajauliza jina, aliuliza: "Imeanza saa ngapi?"

Na huyu mtu anayeishi kwa saa, aliyetazama ukutani dakika ileile, akajibu, "Sijui. Nimeamka nimemkuta hivi."

"Mara ya mwisho kumwona mzima?"

"Jana usiku. Saa nne alilala mzima kabisa."

Nilimuuliza kwa nini. Alisema aliona aibu. Kama angesema saa mbili na robo, wangemuuliza mlikuwa mnafanya nini mpaka saa hizi, na jibu lingefika kwa Daktari wa Sindano kabla ya jua kuzama. Aliona ni uongo mdogo, wa kufunika ujinga mkubwa, na usingemdhuru mtu. Muuguzi aliona vidole pia. "Hivi vitobo?" Shemeji akasema walikuwa wanapima sukari. "Kila kidole?" Akasema mashine ilikuwa mpya, walikuwa wanaijaribu. Muuguzi akamwangalia, lakini foleni ilikuwa ndefu, akaandika.

Daktari wa kiharusi alikuja, kipimo cha kichwa kikafanyika haraka, wakaona ni bonge la damu limeziba mshipa. Halafu daktari akahesabu kwenye karatasi kuanzia saa nne ya usiku, akapata masaa kumi na matatu na ushee. Akatikisa kichwa. Akasema ile dawa ya kuyeyusha bonge muda wake umepita, ni hatari kuitoa, watatoa nyingine. Shemeji akaitikia. Hakuelewa alichokuwa anaitikia.

Mimi nilifika mchana, mikono ina chaki, nimeacha darasa kwa mwalimu wa pili. Nilimkuta shemeji amesimama ukutani. Nilimkumbatia. Nilimwambia ashukuru Mungu kwamba aliamka mapema akamkuta hai. Nikikumbuka kumbatio lile mpaka leo mwili unanisisimka.

Siku ya tatu aliletwa mama mmoja, mpishi wa shule, akawekwa kitanda cha ng'ambo ya pazia. Alikuja na binti yake, na binti alipoulizwa saa akajibu bila kupepesa: saa tatu kamili, walikuwa wanaanika nguo. Wakamtundikia dripu ya ile dawa ya kuyeyusha bonge. Siku ya pili yake mama yule alikuwa anakwenda bafuni kwa miguu yake, akilalamika sabuni ya hospitali inakwaruza. Shemeji akamuuliza muuguzi ni muujiza gani huo. "Si muujiza," muuguzi akasema. "Aliwahi. Ndani ya masaa manne na nusu tangu ianze, tunaweza kutoa ile dawa. Haiwafai wote, lakini kwa huyu imekubali. Ndiyo maana tunauliza saa."

Shemeji akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha dada, akatoa kadi tupu ya kliniki mfukoni, akaandika hesabu nyuma yake. Kutoka saa mbili na robo mpaka saa tano kasoro dakika kumi. Masaa mawili na dakika thelathini na tano. Pamoja na ujinga wake wote, na kengele zake nne, na damu ya vidole kumi, walikuwa wamefika hospitali wakiwa na karibu masaa mawili mkononi. Sindano hazikumnyima mkewe dawa ile. Aliyemnyima ni yeye mwenyewe, kwa mdomo, pale mapokezini. Alisema alirudia hesabu mara tatu, jibu likawa lilelile, halafu akaichana kadi, vipande akaviweka mfukoni.

Hakumwambia mtu.

Daktari wa Sindano aliporudi alikwenda moja kwa moja wodini, akakaa na daktari wa kiharusi, wakakubaliana. Wiki ya tatu dada akahamishiwa idara ya mazoezi, na kuanzia hapo akawa na faili moja lenye wino wa aina mbili: wa bluu wa hospitali, wa kijani wa Daktari wa Sindano. Asubuhi vidonge vya presha na vya kulainisha damu. Jumanne na Ijumaa sindano kichwani na mkononi, na zikiwa bado zimesimama kwenye ngozi, mtaalamu wa viungo anamshika kiwiko, "haya mama, sukuma, sukuma ukuta." Nilikwenda kutazama nikiwa nimekunja uso tayari. Sikuona uchawi. Niliona mwanamke anayetoka jasho na watu wawili waliosomea vitu tofauti wakipokezana mkono mmoja. Daktari wa kiharusi nilimbana, nikamuuliza kama hizi sindano zinasaidia kweli. Alikuwa mkweli: "Mwalimu, sijui zinachangia kiasi gani. Najua akitoka kwenye sindano bega lake halikazi sana na anafanya mazoezi muda mrefu zaidi. Na mazoezi ndiyo ninayoyataka."

Daktari wa Sindano naye hakuwa na majigambo. "Kilichokufa kichwani sikirudishi," alituambia. "Nasaidia kilichobaki kifanye kazi."

Shemeji, kwa hatia ambayo hatukuijua, alitaka zaidi. Siku moja, tukiwa kliniki, aliomba ile supu ya mizizi, kali, ambayo kliniki ilikuwa inawapikia wagonjwa wa zamani. Nilikuwepo. Daktari wa Sindano aliweka kikombe chake cha maji ya moto mezani. "Anameza dawa ya hospitali ya kulainisha damu. Huu mzizi unafanya kazi hiyohiyo. Unataka avuje ndani ya kichwa?" Halafu akamgeukia vizuri. "Wewe umefanya kazi na mimi miaka yote hii. Faili moja maana yake hakuna kinachofichwa, si kwao, si kwangu. Nisichokijua ndicho kitakachomuua mgonjwa." Shemeji akashuka kwenda kununua betri ya saa ya ukutani. Nilidhani amechukia kukatazwa.

Nyumbani alifanya kila kitu. Alimwogesha, alimvalisha, alimfunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja, alijifunza kusuka mabutu mabaya yenye kwenda upande. Mimi nilikwenda Jumamosi. Nilipeleka matunda na kadi zangu za silabi, ba, be, bi, bo, bu, nikamkalisha dada mezani kama mtoto aliyerudia darasa. Binti wa matamshi wa hospitali, aliyekuwa anamfundisha dada kusema upya, ndiye aliyeninyang'anya zile kadi, kwa adabu. "Mwalimu, kusoma anajua. Neno analo kichwani, njia ya kufika mdomoni ndiyo imeharibika." Dada akacheka kwa nusu ya mdomo, ya upande wa kushoto. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Maneno yalianza kurudi mwezi wa tano. La kwanza lilikuwa "maji". La pili "hapana", ambalo alilitumia wiki nzima kwa kila mtu na kila kitu. Siku aliposema "chai", nilikuwa nimekaa mbele yake, na shemeji alikuwa mlangoni na taulo begani. Nilimwona uso ukimbadilika. Nikafikiri ni furaha, nikamwonea huruma. Ilikuwa furaha, lakini haikuwa furaha peke yake. Kila neno lililorudi lilikuwa linaisogeza siku ambayo mkewe angeweza kusimulia asubuhi ile.

Mwezi wa nane alinijia shuleni wakati wa mapumziko. Darasa lilikuwa tupu. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni, akanieleza yote niliyoyaandika hapo juu, kuanzia pindo la suruali mpaka hesabu ya nyuma ya kadi. Hakujitetea. Nilisimama na dasta mkononi, na maneno niliyomwambia sitayaandika, kwa sababu watoto wangu siku moja watajua kusoma. Nilimtupia dasta. Lilimpata kifuani, likaacha alama ya chaki kwenye shati, hakuifuta.

"Kaseme," nikamwambia. "Kawaambie."

"Ndiyo maana nimekuja." Alisema kuna kikao cha madaktari baada ya wiki mbili. Daktari wa Sindano na daktari wa kiharusi watawaonyesha wenzao jinsi sindano na matibabu ya hospitali vinavyoweza kwenda pamoja, na mgonjwa wa kuonyeshwa ni dada. Ripoti alikuwa ameichapa yeye mwenyewe, kwa vidole vyake: mgonjwa aliamka na dalili, muda wa kuanza haujulikani. "Nimechapa nikashindwa kulala, shemeji. Redio akipata sauti yake atanitaja. Afadhali nijitaje kabla hajanitaja. Na huyo Daktari ajue amefanya kazi na mtu wa namna gani."

"Ukijitaja nitakuheshimu," nikasema. "Usipojitaja, nitasimama mimi."

Siku ya kikao tulikuwa ukumbi mdogo wa juu wa hospitali, viti vya plastiki, feni moja inayolia. Madaktari kama ishirini na wanafunzi wao. Dada alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ingawa hatua kumi na mbili za fimbo alikuwa anaziweza, na alikuwa amevalishwa vizuri, vifungo vyote vimefungwa. Shemeji alikaa nyuma yake. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amenionyesha ngazini. Ilianza: Saa ya kuanza ilikuwa saa mbili na robo.

Wakaeleza. Picha ya kichwa ikaonyeshwa ukutani, sehemu nyeusi ikionekana wazi. Daktari wa kiharusi akasema, "Huyu mama kwa bahati mbaya aliamka nayo, kwa hiyo ile dawa hatukuweza kumpa. Ndiyo maana safari yake imekuwa ndefu hivi." Daktari wa Sindano akaonyesha mkono, jinsi vidole vilivyokuwa vimefumba mwanzoni na sasa vinafunguka kushika kitambaa. Wakauliza maswali. Shemeji alikuwa ameingiza vidole viwili mfukoni, anaitafuta karatasi. Nilimtazama kwa jicho la darasani. Nilisikia kiti chake kikikwaruza sakafu, anaanza kuinuka.

Binti wa matamshi akaona ni wakati wa kuonyesha kazi yake naye. Akachuchumaa mbele ya dada. "Mama, tuambie kwa maneno yako. Siku ile ilikuwaje?"

Mpaka siku hiyo dada hakuwahi kuunganisha zaidi ya maneno mawili. Alimtazama binti. Akageuza shingo, polepole, akamtazama mumewe aliyekuwa nusu amesimama. Halafu akanitazama mimi.

"Nili… lala mzima," akasema. "Nika… amka… hivi."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Binti wa matamshi alikuwa analia. Daktari wa kiharusi, mtu mkavu yule, alipiga meza kwa kiganja. Sentensi mbili kamili, zenye mwanzo na mwisho, na zote mbili za uongo. Shemeji alibaki ameinama hivyohivyo, mkono mfukoni, na nilijua anachokiona kwa sababu nilikuwa nakiona pia: akisema sasa, anamfanya mkewe mwongo mbele ya watu waliotoka kumpigia makofi kwa sentensi za kwanza alizozisema kwa miezi minane. Akakaa. Karatasi ikabaki ilipo.

Na mimi niliyeapa kusimama? Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Watu walipotawanyika shemeji akaenda kutafuta gari chini, na Daktari wa Sindano akamfuata, amemshika bega, anamwambia ajivunie. Tulibaki dada na mimi na feni. Nikaburuta kiti nikakaa mbele yake, magoti yetu yanagusana.

"Dada, ulikuwa macho," nikasema. "Ulikuwa unamtazama muda wote. Ameniambia. Kwa nini umemfichia siri?"

Nilidhani najua jibu. Nilidhani atasema kitu cha mapenzi, cha kusamehe, na mimi nitalia, na hasira zangu zitapata pa kwenda. Hakuonekana kama mtu anayesamehe. Uso wake ulikuwa umechoka na ulikuwa na hasira, hasira ambayo naijua kwa sababu ni yangu pia, ya ukoo wetu. Akanyanyua mkono wa kushoto, akagusa kifungo cha juu cha blauzi. Akakigusa cha pili. Akakigusa cha tatu.

"Nani…" akasema, akakwama, akatafuta njia. "Nani… ata… nivalisha?"

Hakuwa anataka kunifundisha kitu. Alikuwa anauliza. Alinitazama akasubiri, kwa subira ambayo Redio hakuwahi kuwa nayo, na jibu lilikuwa la neno moja, jepesi kuliko maneno yote aliyopigania miezi ile. Nina chumba cha pili nyumbani. Ninahifadhia madaftari ya zamani. Nina dakika arobaini kabla ya kwenda shule kila asubuhi, ambazo nazitumia kunywa chai na kusikiliza habari. Niliviona vyote viwili, chumba na dakika, wazi kabisa, na mdomo wangu ulikuwa mzima pande zote mbili.

Kwenye korido nikasikia viatu vya shemeji vinarudi.

"Huyo anakuja," nikamwambia.

Dada akaitikia kwa kichwa, akashusha mkono wake mapajani.